Wenye nyumba za zamani Moshi, tuondoe kabla ya kuongeza

Mhariri,

Kwa miaka sita uso wa nyumba yangu ulibeba maneno matatu ya rangi nyekundu ya mafuta, herufi kubwa kama za duka la vipuri: NYUMBA HII HAIUZWI. Aliyaandika kijana wangu mwaka ule nilipolazwa, matapeli walipoanza kuleta wanunuzi getini na karatasi zao za kughushi. Matapeli walipotea, maneno yakabaki. Ikafika mahali mgeni akishuka stendi hana haja ya kuelekezwa, anamwambia tu bodaboda, "Nipeleke ile nyumba isiyouzwa." Hata kadi moja ya mchango wa harusi ililetwa imeandikwa juu ya bahasha, "Mzee wa Haiuzwi."

Mwaka jana niliamua kuyafuta. Nilidhani ni kazi ya siku moja: ndoo ya rangi na kijana mwenye rola. Imenichukua mwaka mzima, na katika mwaka huo nimejifunza mengi juu ya nyumba hii kuliko miaka yote niliyolala ndani yake. Mimi ni bwana shamba mstaafu. Nilichosomea ni kahawa, si majengo. Lakini napita mitaa yetu hapa Moshi, na nikienda Arusha kumwona binti yangu napita ya kwao, naona nyumba za umri wa hii yangu zinavyovalishwa marumaru na nguzo za zege kama mzee wa kanisa aliyevishwa jezi. Ukurasa wenu wa makazi kila wiki unatuonyesha nyumba mpya. Naomba safari hii nafasi ya nyumba kuukuu.

Nyumba yenyewe iko Shanty Town. Jina hilo kwa Kiingereza maana yake ni mtaa wa vibanda, ilhali ndiko wakubwa wa serikali ya kikoloni walikojengewa. Aliyelitunga alikuwa na utani wake. Chini ni mawe meusi ya volkano yaliyochongwa, usawa wa goti. Juu ya mawe ni tofali zilizopigwa plasta ya chokaa. Paa ni la vigae vyekundu, madirisha ni ya chuma yenye vioo vidogo vidogo, na mbele kulikuwa na baraza. Nasema kulikuwa, nitaeleza. Nilipangishwa nikiwa mtumishi, na serikali ilipoanza kuwauzia watumishi nyumba zake, miaka ile ya mwanzo ya 2000, nikainunua kwa kukatwa mshahara mwezi hadi mwezi.

Nilipostaafu watoto walikaa kikao bila mimi. Wakaja na fundi mwenye simu iliyojaa picha. Akanionyesha nguzo mbili za duara pale mlangoni, marumaru ya kung'aa kuanzia chini hadi kwenye madirisha, madirisha ya alumini ya kusukuma, uani kote kupigwa pevingi, na ukuta wa mita mbili na nusu wenye geti la bati lililochorwa mikuki ya dhahabu. Madirisha peke yake, milioni tisa. "Baba, nyumba itapendeza, hutaamini," akasema yule wa Dar. Nikawaambia mkono wangu ni mfupi. Tukakubaliana jambo dogo: yale mawe meusi ya chini yapigwe plasta ya saruji, na plasta ya juu iliyokuwa imechubuka izibwe kwa saruji pia, kisha rangi ya maji ya maziwa.

Kosa lilianzia hapo, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu naliona kila mtaa.

Desemba nyumba ilikuwa kama yai. Masika ikaja. Kufika Mei, kile kiuno kipya cha saruji kilikuwa kimetoa malengelenge, ukibonyeza kidole kinazama. Ukutani ikatoka chumvi nyeupe, laini kama sufi. Rangi ikaanza kujikunja yenyewe na kuanguka vipande vipande ukubwa wa kiganja. Fundi akasema, "Mzee, ile rangi uliyonunua ni feki." Nikanunua nyingine, ya bei. Masika iliyofuata, yale yale, ila sasa unyevu ulikuwa umepanda hadi usawa wa kitasa cha mlango, na ndani chumba cha mbele kikawa kinanuka kama stoo ya viazi.

Aliyenifungua macho ni fundi mwashi mmoja mzee wa Mwanga, aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa, kujenga chemba ya maji machafu. Alitazama ukuta akiwa bado ameshika kikombe cha chai, akasema, "Bwana shamba, umeufunga mdomo." Akaniuliza, kahawa ya maganda ukiifunga kwenye mfuko wa plastiki kabla haijakauka vizuri, inakuwaje? Nikamjibu inaota ukungu, inanuka, mnunuzi anaikataa. Akasema, basi ndivyo ulivyoifanya nyumba.

Nyumba za namna hii zilijengwa bila ile karatasi ya kuzuia maji tunayoweka siku hizi juu ya msingi. Maji ya ardhini yanapanda kwenye mawe kidogo kidogo, kama mafuta ya taa kwenye utambi, na waliojenga walilijua hilo. Ndiyo maana walitumia chokaa, kwa kuwa chokaa ina vinyweleo na unyevu unapanda kisha unatoka kwa upepo na jua, ukuta unakauka. Saruji ni ngumu na imebana. Ukiifunika juu ya chokaa, maji hayatoki, yanatafuta pengine: yanapanda juu zaidi au yanaingia ndani chumbani, na yakikauka yanaacha chumvi nyuma ya rangi, nayo inaisukuma hadi ianguke. Rangi yangu haikuwa feki. Nilimtukana mwenye duka bure, na nimeshakwenda kumwomba radhi.

Kuibandua ile saruji kulitaka tindo na nyundo ndogo, siku kumi na moja, watu wawili, kwa adabu, maana ukiwa na papara unang'oa na jiwe. Fundi akaijaza upya mishono ya mawe kwa chokaa na mchanga, moja kwa tatu, akaifunika magunia yaliyolowana ili isikaushwe na jua haraka. Wapita njia walisimama kuuliza kama nimepata fedha za kubomoa. Mawe yale meusi yaliyokuwa yamezikwa ndiyo sasa kila mtu anayapiga picha.

Lakini maji yalikuwa yanatoka wapi kwa wingi namna ile? Hapo shamba langu lilinisaidia. Chini ya madirisha ya mbele kuna bustani ya maua, na bustani ya maua inalishwa samadi. Kila mwaka kwa miaka sabini mtu fulani amemwaga samadi pale. Mama watoto naye kwa miaka yake zaidi ya ishirini, toroli kwa toroli. Udongo wa namna hiyo haukai palepale, unapanda. Nikachukua jembe nikaanzia kona ya baraza. Sentimita ishirini chini, jembe likagonga chuma. Nikapiga magoti nikafukua kwa mikono: kijidirisha cha chuma chenye matundu, ukubwa wa daftari la shule, kimejaa udongo na mizizi ya kana. Nilipokizibua kikatoa pumzi ya baridi yenye harufu ya kisima, ikanipiga usoni. Nikamwita mama watoto aje anuse. Akanusa, akasema, "Kumbe ndiyo harufu ya kabati langu."

Vilikuwa vitano upande wa mbele pekee. Vyumba vya mbele vina sakafu ya mbao, na matundu yale ndiyo yaliyokuwa yakipitisha hewa chini yake. Tulikuwa tumeyazika, na juu yake tukapanda maua tukimwagilia kila jioni. Mchwa walikuwa wameshaanza njia yao kutoka kwenye samadi hadi kwenye mbao. Nilifika wakiwa wamekula ubao mmoja na nusu. Nimeuteremsha udongo hadi chini ya matundu, nimesogeza bustani mbali na ukuta, na chini ya ukingo wa paa nimemwaga kokoto upana wa kama sentimita sitini. Kokoto hizo zimefanya kazi ambayo rangi mbili za bei zilishindwa: matone ya paa hayarushi tena tope jekundu ukutani, ule mkanda wa kahawia tuliozoea kuuona kila nyumba baada ya masika haupo. Gata lililooza nimebadilisha. Haya si mambo ya kupiga picha, lakini mwenye nyumba ambaye gata lake linavuja asinunue hata lita moja ya rangi.

Sasa baraza. Aliyeishi kabla yangu aliliziba kwa tofali za saruji na nondo apate stoo. Simlaumu hata kidogo. Ni miaka ile ya mwanzo ya 1980, ya kupanga foleni ya sukari na sabuni, na mwenye gunia la mahindi alihitaji mlango wenye kufuli. Tatizo ni kwamba njaa ile iliisha na stoo ikabaki. Mimi mwenyewe niliitumia kuhifadhi bomba za kupulizia kahawa ambazo sijazigusa tangu nistaafu, baiskeli mbili zisizo na matairi, na magazeti yenu ya zamani, Mhariri, marundo kwa marundo.

Siku tofali zilipoanguka tulikuta nguzo mbili za mbao ndani ya ukuta, moja kila upande. Aliyejenga stoo hakuzitoa. Alijengea tu pembeni yake. Zilikuwa nyeusi kwa uchafu, na miguu yote miwili imeoza kwa kukaa kwenye tofali zenye unyevu. Nikasema tuzitupe. Seremala, mzee wa Kiboriloni ambaye haongei mpaka aulizwe, akatoa randa yake akapitisha mara moja tu. Harufu ikajaa uani, ile ya sanduku la bibi harusi. "Mkulo huu," akasema. Mkulo unaota kwenye misitu ya mlima wetu na kule Usambara, na mtu hawezi leo kuamka akaenda kujikatia nguzo ya namna hiyo. Akakata sehemu iliyooza, sentimita thelathini kila mguu, akaunganisha kipande kipya kwa kiungo cha kupishana, na kila nguzo ikasimama juu ya jiwe badala ya kusimama chini. Nguzo za zege za yule fundi wa simu zingekuja kusimama hatua mbili kutoka kwenye nguzo za mkulo, na sisi tusijue.

Baraza lilipofunguka ndipo nyumba ilipopata uso. Kabla ya hapo ilikuwa kama mtu aliyevaa barakoa. Sasa ukisimama barabarani unaona kivuli kirefu, mlango uko ndani ya kivuli, sakafu nyekundu ya saruji inang'aa polishi, na asubuhi wingu likiondoka Kibo iko pale nyuma ya paa bila mtu kuilipia. Nakunywa chai pale. Watu wananiamkia kutoka njiani. Zamani walikuwa wanasalimia ukuta.

Madirisha ya chuma nimeyaacha. Yalikuwa na kutu, mawili hayafungi, lakini milioni tisa ya alumini sikuiona faida yake. Ile mistari ya vioo vidogo ndiyo sura ya nyumba. Ukiweka kioo kimoja kikubwa cha kusukuma, ni kama kumtoa mtu nyusi. Tuliyakwangua, tukapaka praima nyekundu ya kuzuia kutu, tukabadilisha vioo vilivyopasuka na kuvishika kwa pati mpya. Pati ile ya chaki na mafuta ya kitani inataka subira, wiki moja au mbili ijikaze juu ndipo upake rangi. Kijana aliyenisaidia alitaka kupaka siku hiyo hiyo. Nilimtuma sokoni Mbuyuni kila alipotaka kushika brashi.

Hapa naomba niseme jambo la afya, na wazazi walisome vizuri. Rangi za mafuta za zamani, zile za kwenye milango, madirisha na fremu, nyingi zilitiwa madini ya risasi. Vumbi lake ni sumu, na linawadhuru watoto wadogo zaidi ya watu wazima, ubongo hasa. Usipige msasa mkavu kwenye rangi ya zamani huku mjukuu anacheza chini. Lowesha kwanza, kwangua ikiwa na maji, tandika turubai, kusanya mabaki yote, na usiyachome. Mafundi wetu wanapiga msasa kavu vinywa wazi, jioni wanakwenda nyumbani na vumbi kwenye nguo na kuwabeba watoto wao.

Rangi ya ukuta nayo niliitafuta kwa wembe. Nilikwangua mahali padogo nyuma ya dirisha nikahesabu matabaka: maziwa, kijani ya ofisi, maziwa tena, bluu ya mbali, na chini kabisa chokaa nyeupe. Nikaamua kurudi kwenye chokaa. Kwangu ni rafiki wa zamani. Miaka mingi tulichanganya chokaa na mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, kupulizia kahawa, na mashati yangu yote ya kazi yalikuwa na madoa ya bluu. Chokaa ya kupaka inachujwa iwe kama maziwa mepesi, inawekwa chumvi kidogo na mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa ili isifutike kwa mvua, ukuta unaloweshwa kwanza, kisha inapakwa nyembamba nyembamba, mara nne au tano. Vaa miwani, ikikuingia jichoni utajuta. Kijana wangu alipoona mkono wa kwanza alimpigia mwenzake simu, "Baba anapaka maji." Kweli, ikiwa mbichi haionekani. Unakwenda kula, ukirudi ukuta umeanza kuwa mweupe, na kesho yake mweupe zaidi, kwa kuwa inavuta hewa ya ukaa na kugeuka jiwe polepole. Milango na madirisha nimepaka kijani iliyoiva. Mawe hayakupakwa kitu.

Yale maneno matatu ndiyo yaliyonitesa. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, kwa hiyo herufi zilikwanguliwa moja moja. Nyekundu ilikuwa imezama kwenye plasta. Na chokaa ikilowa inarudi kuwa kama kioo. Mvua kubwa ikipiga ukuta wa mbele, zile herufi tatu za mwisho zinajitokeza kwa mbali, ZWI, na jua likiwaka zinaondoka. Wajukuu wanaisubiri mvua kwa ajili hiyo.

Kuhusu ukuta wa mita mbili na nusu nimegombana na nusu ya mtaa. "Mzee, utaibiwa." Nimejenga ukuta wa mawe usawa wa kiuno, nyuma yake nimepanda michongoma kila baada ya hatua moja, na geti ni la vyuma vya wima, unaona ndani. Mchongoma ukishafungana, hata mbuzi anapita mbali. Miiba yake nimetoboka nayo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Na mwizi akisharuka ukuta mrefu anafanya kazi yake kwa faragha kamili, jirani haoni, mlinzi wa ng'ambo haoni. Njia ya kutoka getini hadi barazani nimepanda masale, ile mimea yetu ya majani marefu, pande zote mbili. Wachagga wenzangu wanajua sale ni mpaka na ni msamaha. Nilimpelekea jirani yangu jani moja baada ya ugomvi wetu wa majani ya jakaranda, akacheka, yakaisha. Bogenvilia iliyokuwa imepanda hadi juu ya paa na kunyanyua vigae niliikata ikabaki kimo cha mtu. Mama watoto hakuniongelesha siku tatu. Imechanua upya, tumepatana.

Kijana wangu aliniuliza swali ambalo sikulipenda, lakini ni la haki. "Baba, kwa nini unahangaika na nyumba ya mkoloni? Kule uani kuna boi kota, unajua nani alilala mle na alilipwa nini." Najua. Chumba kimoja, dirisha dogo karibu na dari, mlango unaotazama ukuta. Sikukibomoa na sikukipamba. Wajukuu wakiuliza nawaonyesha. Lakini waliochonga mawe haya hawakuwa wale waliokunywa chai barazani. Kwenye ngazi ya mwisho, tulipoondoa saruji, kuna jiwe ambalo patasi ya mtu imeacha mistari iliyolala upande, na seremala wangu alisema aliyelichonga alitumia mkono wa kushoto. Nimekaa juu ya jiwe hilo mara nyingi tangu siku ile. Mshahara uliolipa nyumba hii ni wa kutembea vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, kwa miguu nikikagua chule buni, ugonjwa wa matunda ya kahawa. Sioni kwa nini niifunike kwa marumaru ili ionekane imejengwa juzi.

Halmashauri nayo isijione haihusiki. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Mji huu umekua kuzunguka reli ya kutoka Tanga, iliyofika hapa mwaka 1911. Piga hesabu uone ni nyumba ngapi za Moshi mjini zinazolindwa kwa umri wake tu. Sheria ile ile inailinda milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940, jambo jema sana kwa ndugu zetu wa pwani, ila huku kwetu milango ni mbao nne na bawaba. Jengo lolote likitaka kulindwa ni mpaka litangazwe. Siombi kila nyumba itangazwe. Nikiambiwa niombe kibali cha kubadilisha kioo nitakuwa wa kwanza kulalamika. Naomba tu anayetoa kibali cha ujenzi atoke ofisini akaione nyumba kabla ya kugonga muhuri wa kubomoa, na akiona vya kufaa amwambie mwenye nyumba.

Nasema hivyo kwa maslahi yangu pia, na hapa ndipo ilipo shida iliyobaki. Paa langu ni la vigae vya Mangalore, vya kutoka India. Kila kimoja mgongoni kina jina la kiwanda lililogandamizwa. Vilivyovunjika mbele nilivibadilisha kwa kuchukua vizima vya paa la boi kota, nako nikapiga bati. Havikutosha. Kona ya kushoto juu ya baraza, mbele kabisa panapoonekana na kila mtu, nimefunika kwa turubai la bluu, na nimepungukiwa vigae sitini na vinne. Mwezi uliopita nilisikia kuna nyumba ya zamani inabomolewa upande wa pili wa mji, nikakimbia na bajaji. Nilikuta greda limeshapita na vigae vimekuwa kifusi cha kujazia shimo barabarani. Msimamizi alinionea huruma akanipa kimoja kilichonusurika, hakilingani na vyangu.

Basi kwa kupitia gazeti lako naomba: mwenye nyumba ya vigae anayetarajia kubomoa au kuezeka upya kwa bati, Moshi, Arusha, Same, popote, anijulishe kwanza. Nitakuja na wapandaji wangu wawili, tutaviteremsha kwa mikono na kuvihesabu mbele yake, na nitalipa kwa kila kigae. Anayenitafuta aulize bodaboda yeyote stendi ya Moshi nyumba ya Haiuzwi. Maandishi yamefutika, lakini bado wanaijua.

Bwana shamba mstaafu,
Shanty Town, Moshi